Mzaramo wa Bibi Gaudensia

Tarehe 9 Oktoba 2009, jina la Maua Adinani Pazi liliingizwa kwenye rejesta ya wauguzi wa Tanzania. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Tangu siku hiyo hajawahi kufanya kazi nje ya Mkoa wa Tabora, na kwa zaidi ya miaka kumi hakufanya kazi nje ya wodi ya watoto.

Ni mwanamke mrefu, mwenye sauti nzito kidogo na tabia ya kusimama karibu sana na mtu anayezungumza naye. Tabia hiyo aliipata wodini, mahali ambapo watoto wanalia na anayetaka kusikika lazima asogee. Baba yake, mzee Adinani, alitoka Kisarawe akiwa kijana, akaajiriwa relini. Kazi yake ilikuwa kutembea juu ya njia ya treni akikagua mataruma na kukaza boliti zilizolegea, mashariki ya Tabora hadi Goweko, upande uleule ambao zamani misafara ya miguu ilishika kwenda pwani. Alipostaafu alijenga Itetemia, mjini Tabora, na hapo ndipo Maua anapoishi mpaka leo na mume wake, fundi wa majokofu, na watoto wao wawili. Kisarawe kwenyewe amefika mara moja tu, kwenye msiba wa bibi yake. Ukimuuliza ni mtu wa wapi, anasema Tabora.

Kilichomtoa wodini ni jibu la akina mama. Kila mtoto aliyeletwa akiwa taabani, mama yake aliulizwa swali lilelile: ameanza kuumwa lini? Na karibu kila mama alijibu: jana. Mtoto aliyekauka kwa kuhara, jana. Mtoto ambaye midomo imeshabadilika rangi, jana. Maua alijua haiwezekani wote wawe wameanza jana. Alijua pia kwamba akina mama hawa hawakuwa waongo, au angalau hawakuwa na sura za waongo. Siku moja alimbana mama mmoja, akamuuliza kwa njia hii na ile, mpaka yule mama akaanza kulia. "Sista," alisema, "mbona unataka niseme nimemuua?" Maua hakuuliza tena kwa muda mrefu, ila swali halikumtoka.

Ndiyo maana mwaka 2023, Nihal Ghalibu alipotafuta wauguzi wa kwenda vijijini, Maua alikuwa wa kwanza kukubali. Nihal ni mtoto wa mjini Tabora, wa ukoo wa wafanyabiashara wenye asili ya Oman. Alianza kama muuguzi wa kawaida, akasoma mpaka akapata udaktari wa falsafa katika uuguzi. Utafiti wake ulitaka kujua jambo dogo kwa maelezo na gumu kwa kazi: mtoto mdogo anapougua ghafla, nyumbani wanaona nini kwanza, wanaliitaje, na nani anaamua kwamba sasa apelekwe hospitali. Muuguzi angezitembelea kaya zilezile kila wiki, akae, asikilize. Kulikuwa na sharti moja lisilojadiliwa. Muuguzi akiona dalili ya hatari, utafiti unasimama palepale na mtoto anapelekwa.

Maua alipangiwa Goweko.

Wiki za mwanzo hakupata kitu. Alikaribishwa vizuri, akawekewa kiti cha plastiki kivulini, akapewa maji. Aliuliza watoto wameamkaje, akaambiwa salama. Aliuliza kama kuna aliyekohoa, akaambiwa hakuna, wakati kikohozi kinasikika ndani ya nyumba. Walimwona kama mtu wa serikali, na mtu wa serikali hupewa majibu yasiyoleta maswali mengine. Alirudi mjini akiwa na majibu mengi ya salama, akamwambia Nihal kwamba labda kwa kweli Goweko hakuna mtoto anayeugua.

Mambo yalibadilika kwenye nyumba ya Bibi Gaudensia. Huyu ni mjane wa Kinyamwezi, Mkatoliki, mkulima wa tumbaku, aliyekuwa akiishi na mwanawe Lugembe, mke wa Lugembe aitwaye Kabula, na mjukuu wa mwaka mmoja na nusu, Eliya. Siku hiyo Bibi alikuwa amekaa chini na majirani wawili, wakifunga majani mabichi ya tumbaku kwenye fito ili yakaningʼinizwe ndani ya bani, kile kibanda kirefu cha kukaushia. Aliitikia shikamoo ya Maua bila kuinua macho, kisha akauliza:

"Wewe mtu wa wapi?"

"Wa hapahapa Tabora, Bibi."

"Sikukuuliza unalala wapi. Baba yako mtu wa wapi?"

"Kisarawe."

Mikono ya Bibi ilisimama. "Mzaramo?"

"Mzaramo."

Bibi aliwageukia majirani zake. "Jamani, muda wote huu tunamwekea kiti mtumwa wetu."

Wanawake waliangua kicheko. Kiti kiliondolewa palepale, Maua akiwa bado amekikalia nusu, akabaki amechuchumaa. Hakuwa mgeni wa utani. Alimsikia baba yake akitupiana maneno na Wanyamwezi wa relini maisha yake yote. Utani huo unatoka enzi za misafara, watu walipopita kwenye nchi za watu na ilibidi wapatane. Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuutumia. Wodini hakuna anayemtania nesi. Akajikuta anajibu kwa sauti ya baba yake.

"Mtumwa nani? Ninyi si ndio mliokuwa mnabeba mizigo ya watu kutoka huku mpaka Bagamoyo? Wapagazi wakubwa."

"Tukifika huko tunawakuta mmelala," alisema Bibi. "Mpaka leo mmelala. Mmeuza mashamba yote mkala pilau."

Tangu siku hiyo Goweko ilifunguka. Habari kwamba nesi ni mtani ilienda nyumba kwa nyumba, na watu waliokuwa wakimwambia salama wakaanza kumwambia kila kitu, kwa kuwa mtani hawezi kukasirika wala kushtaki. Walimwambia walivyompa mtoto dawa ya jirani. Walimwambia wakati wa kukausha tumbaku kila mtu anakohoa kwa moshi wa mabani, kwa hiyo kikohozi si ugonjwa, ni msimu. Nihal alisikiliza mazungumzo yaliyorekodiwa, akasema hajawahi kupata kitu kama hiki. Alimwambia Maua aendelee vilevile.

Kwa Bibi Gaudensia, shikamoo ilipigwa marufuku. "Shikamoo ya mtumwa inanipa mafua," alisema mara ya kwanza Maua alipojisahau. Badala yake, Maua alikuwa akifika anaingia moja kwa moja jikoni, anachota michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, anatafuna bila kuomba. Kisha anamnyanyua Eliya juu. "Huyu mpagazi wangu leo naondoka naye. Ananifaa mjini, ana mabega mazuri." Na Bibi anajibu kwamba amchukue, ila asisahau kumlipia mahari ya bibi yake. Kabula peke yake hakuingia katika mchezo huo. Alikuwa akitabasamu huku ameangalia chini, kama mkazamwana anavyopaswa kukaa mbele ya mama mkwe.

Mwezi Machi 2024, mvua zikiwa bado zinanyesha, Maua alifika mchana mmoja akiwa na matope mpaka magotini. Gari la utafiti lilikuwa limemwacha barabara kuu likaendelea na muuguzi mwingine. Bibi na majirani walikuwa palepale, kwenye rundo la majani mabichi, na Lugembe yuko kwenye mabani anachochea moto. Kabula alikuwa amesimama mlangoni, Eliya yuko mgongoni ndani ya khanga.

"Mpagazi wangu ameamkaje?" aliuliza Maua.

"Mpagazi wako amegoma," alisema Bibi. "Tangu asubuhi hataki mzigo, hataki uji, hataki mtu."

Maua alicheka, akamzunguka Kabula ili amwone mtoto usoni. Kisha akaacha kucheka. Matundu ya pua ya Eliya yalikuwa yanafunguka na kufunga. Alimwomba Kabula amshushe, akamlaza mapajani, akapandisha fulana. Chini ya mbavu, kila mtoto alipovuta pumzi, nyama ilikuwa inabonyea ndani, kama inavutwa kwa uzi. Macho yalikuwa wazi nusu na hayakumfuata alipopitisha kidole. Maua hakuhitaji saa ya kuhesabia pumzi. Aliitoa hata hivyo, akahesabu, akaona alichokuwa ameshakijua.

"Bibi," alisema, "huyu mtoto namchukua."

"Mchukue. Kila wiki unamchukua, mbona hujafika naye hata barabarani?"

"Namchukua sasa hivi. Naita gari, twende hospitali."

"Loo, leo Mzaramo kaja na gari." Bibi alimgeukia mkazamwana wake. "Kabula, mfungie mwanao michembe ya njiani, safari ya Bagamoyo ndefu."

Majirani walicheka. Maua aliisikia sauti yake ikipanda. Alisema hafanyi utani.

"Hakuna Mzaramo aliyewahi kukubali kwamba anafanya utani," alisema jirani mmoja.

"Mama zangu, nisikilizeni. Mimi ni muuguzi. Mtoto huyu ana nimonia kali. Anahitaji oksijeni."

"Kaanza maneno ya kizungu," alisema Bibi kwa furaha. "Leo ana njaa sana huyu. Mpeni michembe yake aondoke."

Maua anakumbuka kwamba hapo alichanganyikiwa kabisa. Alikuwa na maneno ya kazi, na maneno hayo yote alikuwa ameshayachezea kwenye uwanja huu: kuchukua, kubeba, kwenda naye mjini, kufa. Aliangalia uso wa Bibi akitafuta dalili kwamba mahali fulani ndani yake ameelewa. Hakuiona. Akasema jambo ambalo wodini hulisemi mbele ya mama.

"Huyu mtoto atakufa."

Kicheko kilipungua. Bibi alimtazama kwa muda mfupi, na Maua akadhani amefika.

"Akifa utazika wewe," alisema Bibi. "Si ndiyo kazi ya watani? Uje na jembe lako, na usichelewe kama ulivyochelewa leo."

Wakacheka kuliko mwanzo. Kabula alikuwa bado na tabasamu lake la kuangalia chini, kisha akainua uso. Macho yake yalitoka kwa mama mkwe yakaenda kwa Maua, yakarudi.

Maua alikasirika. Aliona anavyokasirika na akaona kwamba hasira yake nayo inafurahisha, kwa kuwa mtani anayejifanya kukasirika ndiye mtani mzuri. Alifikiria kumnyakua mtoto akimbie naye, akaona watakavyomshangilia. Alifikiria kumwita tabibu wa zahanati, lakini zahanati iko mbali na njia ni tope. Basi akamrudisha Eliya mikononi mwa mama yake, akaenda mbele ya Bibi Gaudensia, akapiga magoti kwenye matope. Hajui alitoa wapi wazo hilo. Anasema magoti yalimtangulia.

"Shikamoo, mama," alisema.

Bibi aliachia ufito. Majani yakasambaa chini. Kwake, mtani anayeacha utani na kupiga magoti ameleta msiba.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu, mama, ni..."

"Lugembe?" Bibi alikuwa ameshainuka. "Bani limemwangukia? Limeungua? Sema."

"Hapana, si Lugembe. Nasema huyu mtoto..."

Lakini hakuna aliyekuwa akisikiliza. Jirani mmoja alikuwa ameshaweka mikono kichwani, ameanza kulia kwa sauti ya msiba, na mwingine anakimbia kuelekea kwenye mabani huku akiita jina la Lugembe. Bibi alimfuata, khanga moja imebaki chini, akizungumza Kinyamwezi ambacho Maua hakukielewa chote. Maua alibaki amepiga magoti. Mbele yake palikuwa na rundo la tumbaku na hapakuwa na mtu. Alijiona amefanya jambo baya sana, na hakuwa na hakika ni lipi.

"Dada." Ilikuwa sauti ya Kabula, nyuma yake. Alikuwa hajawahi kumwita hivyo, wala kumwita kwa jina lolote. "Ni huyu?"

"Ni huyu."

"Twende."

Kabula alikuwa ameshamfunga mtoto mbele, kifuani, si mgongoni. Maua alipiga simu akitembea. Dereva alikuwa karibu kuliko alivyotegemea, akawachukua kwenye njia panda iliyo karibu na mabani. Gari lilipogeuka, Maua aliangalia nyuma akaona watu watatu wanatoka kwenye mabani. Mmoja alikuwa Lugembe, ana majivu mpaka kwenye nyusi, mzima, anaangalia huku na huku kama mtu aliyeamshwa ghafla.

Gari liliyumba kwenye tope. Maua aliweka kiganja mgongoni mwa Eliya, akawa anazisikiliza pumzi kwa mkono. Kabula aliuliza mara moja tu kama wanaweza kwenda haraka zaidi, na dereva akasema hapana, si kwa tope hili.

Eliya alilazwa wodi ya watoto ya Hospitali ya Kitete, mjini Tabora, na akawekewa mrija wa oksijeni puani. Dawa za sindano zikaanza. Kifaa kilichobanwa kidoleni kilionyesha namba ambayo Maua hakumtajia Kabula. Muuguzi wa zamu, aliyewahi kufundishwa kazi na Maua, alichukua maelezo. Alimuuliza mama: ameanza kuumwa lini?

"Jana," alisema Kabula.

Maua alikuwa amesimama pembeni. Alimtazama Kabula, ambaye yeye mwenyewe humtembelea nyumbani kila wiki, akashindwa kujua kama jibu hilo ni kweli au la.

Bibi Gaudensia alifika asubuhi ya pili kwa treni, na kapu. Maua alimwona akiingia wodini na hakujua amsalimie vipi. Shikamoo ilikuwa imeleta kilio mara ya mwisho. Utani haukuwezekana, kwa kuwa Eliya alikuwa bado anapumua kwa taabu na hapakuwa na daktari aliyesema atapona. Kwa hiyo akasema, "Umefika, Bibi," na Bibi akasema, "Nimefika," na wote wawili wakakaa kwenye benchi wakiangalia mrija.

"Ulinitisha sana," alisema Bibi.

"Nisamehe. Sikuwa na njia nyingine."

"Ungesema tu mtoto anaumwa."

"Nilisema, Bibi."

"Ulisema." Bibi alikubali, kisha akatikisa kichwa, kama anayejaribu kupanga vitu viwili ambavyo havipangiki. "Hata mimi nilikwambia."

"Uliniambia nini?"

"Ulipokuja wiki ile nyingine. Nilikwambia huyu mjukuu wangu siku hizi akilala anakoroma kama Mzaramo aliyeshiba. Ukacheka. Ukasema ni damu yako hiyo."

Maua alikumbuka. Alikumbuka hata alipokuwa amesimama, kwenye mlango wa jiko, michembe mdomoni. Mtoto mdogo mwenye kikohozi akianza kutoa sauti ya kukoroma anapopumua, hilo ni jambo ambalo muuguzi wa mwaka wa kwanza anafundishwa kulitegea sikio. Yeye amelifundisha kwa wengine. Na alicheka.

"Ulikuwa unaniambia kweli?" aliuliza. "Au ulikuwa unatania?"

Bibi alifikiria swali hilo kwa uaminifu. "Nilikuwa natania," alisema. "Lakini alikuwa anakoroma."

Alasiri, Bibi alipotoka kwenda kusali, Maua alimwambia Kabula jambo alilokuwa akilishikilia kama kitu cha kushukuru. Alisema angalau kupiga magoti kulisaidia. Kwamba Bibi alipoisikia shikamoo, aliacha mchezo, na ndiyo maana mtoto yupo hapa. Kabula alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama hakuelewa," alisema. "Alidhani ni Lugembe."

"Lakini wewe ulielewa."

"Mimi nilielewa tangu ulipopandisha fulana. Hata kabla." Alikuwa akimfuta Eliya jasho shingoni. "Nilikuwa nasubiri mama aseme. Mama yupo, mimi siwezi kumnyanyua mtoto niondoke. Alipokimbia kwenda kwenye bani ndipo nilipoweza."

"Na kama asingekimbia?"

Kabula alishusha fulana ya mtoto, akaanza kukunja khanga ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

Maua alikwenda na maneno hayo kwa Nihal, ofisini. Alieleza kila kitu kwa mpangilio, kama anavyoeleza mgonjwa wakati wa kukabidhiana zamu, na kadiri alivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kutoelewa. Bibi alisema dalili, lakini kwa utani. Yeye alisikia dalili, lakini kwa utani. Kabula aliielewa bila kuambiwa, lakini hakuwa na nafasi ya kusema. Na kilichofungua njia ni kosa: Bibi alikimbilia msiba ambao haukuwepo.

"Sasa niandike ugonjwa umeanza lini?" aliuliza. "Siku Bibi alipoutaja, au siku mimi nilipousikia?"

Nihal alikuwa anazungusha kalamu. "Mama mtu amesema lini?"

"Jana."

Nihal aliacha kuzungusha kalamu.

"Nikutoe pale," alisema hatimaye. "Nimpeleke muuguzi mwenzako Apolinaria. Ni Mnyamwezi wa hukohuko, hakuna wa kumtania."

"Apolinaria atapewa kiti, Dokta. Ataambiwa salama. Ndivyo nilivyoambiwa mimi kabla hawajanijua."

"Najua. Mimi mwenyewe nikienda wananipa kiti na soda, halafu wananyamaza wote kama tupo benki." Nihal alicheka kidogo, kisha akaacha. "Kwa hiyo asiye mtani haambiwi kitu. Na mtani anaambiwa kila kitu, ila hajui kipi ni kipi, na akisema yeye hawamsikii. Ndicho unachoniambia?"

"Sijui ninachokuambia."

"Basi na mimi sijui ninachokujibu."

Hivyo ndivyo walivyoachana jioni hiyo, wanawake wawili wenye miaka mingi ya kuwatunza watoto wagonjwa. Nihal alisema atafikiri. Maua alirudi Itetemia, akapika, akamsikia mwanawe wa pili akikohoa chumbani, akaenda akakaa kitandani kwake akimsikiliza mpaka mume wake akaja kumuuliza kuna nini. Alisema hajui. Mtoto alikuwa na mafua tu.

Usiku huo hali ya Eliya ilikuwa mbaya, kisha ikatulia. Siku iliyofuata mbavu ziliacha kubonyea. Iliyofuata tena aliondolewa mrija, akalia kwa nguvu alipouona unaondoka, na Kabula akamlisha uji wa karanga kijiko kimoja kimoja, akisimama kila baada ya kijiko kuangalia kifua. Daktari alisema atapona. Maua aliomba arudie, naye akarudia.

Bibi Gaudensia alilipokea neno hilo akiwa amesimama miguuni pa kitanda. Alimshukuru daktari kwa heshima zote. Kisha akamgeukia Maua, akamtazama kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Mzaramo, umekonda," alisema. "Mjini hawakupi chakula?"

Maua hakujua kama anatakiwa kucheka. Alitazama upande wa Kabula. Kabula alikuwa anamtazama Bibi.

"Mama," alisema Kabula kwa sauti ya chini, na Bibi akageuka kwa mshangao, "dada akija nyumbani, na mimi nitakuwa nakaa naye kuzungumza. Peke yetu kwanza. Kama mama hujakataa."

Bibi alipanga upya kapu lake, akatoa michembe, akaweka mkononi mwa Maua bila kumwangalia.

"Mimi nimekataa nini?" alisema. "Kaeni."

Nihal naye aliamua. Maua hatahamishwa. Katika kila kaya atazungumza na mama wa mtoto peke yake kabla ya kukaa na wengine, na kila mtoto atavuliwa fulana na kuhesabiwa pumzi, hata kama nyumba nzima inacheka. Kama utaratibu huo utasaidia, au utarudisha tu kile kiti cha plastiki, hakuna anayejua, na Nihal amesema hivyo wazi kwa wote.

Eliya anaruhusiwa Ijumaa. Maua atawapeleka Goweko yeye, Kabula na Bibi kwa gari la utafiti, na Jumanne inayofuata ataanza tena ziara zake, akianzia nyumbani kwao.